Pwani Safi ya Mabruka

Benchi la Shedli si benchi. Ni mlango wa ghala la zamani la dagaa, umelazwa juu ya mawe mawili ya kukamulia zeituni, mgongo wake ukuta wa mkahawa, uso wake pwani ya Borj Khalfa. Anayekaa hapo huiona pwani yote, kutoka miamba ya kaskazini hadi mdomo wa wadi, ule mto wa msimu, kusini, na kwa kuwa anaiona yote, hudhani anaijua. Watu wakishatoka msikitini alfajiri, Shedli, mwenye mkahawa, hutoa birika lake dogo la shaba lenye mkono mrefu, hudondosha ndani yake maji ya maua ya mchungwa, na ubishi huanza kabla machicha ya kahawa hayajatulia. Laroussi, anayeitwa Redio kwa sababu hana pa kuzimia, hukaa upande wa jua. Hmida, yaani Admirali, hukaa upande wa kivuli. Alitumikia jeshi la majini mpaka akastaafu, jikoni, na bahari ikichafuka alikuwa wa kwanza kutapika. Katikati hukaa Tijani, mpima ardhi mstaafu, ambaye mji mzima humwita Mita. Tangu mkewe Mabruka azikwe mwezi wa Juni, Mita haongei sana. Wenzake wamejifunza kupitisha maneno juu ya kichwa chake, kama watu wanaopitishiana sahani.

Asubuhi hiyo ya Agosti hakuna aliyekaa. Shedli alikuwa anatoka na birika mkononi, akasita mguu mmoja hewani.

– Msikanyage! Kuna kitu hapa!

Chini ya taa ya mlangoni, juu ya saruji, alikuwepo kitoto cha kasa. Kikombe cha kahawa kingemfunika. Alikuwa mweusi kama zeituni la mwisho wa msimu, amejaa vumbi, na mapezi yake yalikuwa yakiipiga saruji bila kuchoka, kana kwamba saruji ni maji na yeye tu ndiye hajui kuogelea.

– Masikini, kafuata taa, alisema Admirali.

– Mpeni maji, alisema Redio.

– Usimshike, alisema Tijani.

Waligeuka kumtazama. Alikuwa ameshaingia jikoni kuchukua beseni la kukandia unga, ameshashuka mteremko na kurudi na mchanga mbichi wa ukingoni mwa maji. Akautandaza, akamkomba kitoto pamoja na mchanga kiganjani, akamlaza, akafunika beseni kwa kitambaa ili awe gizani.

– Umejuaje haya, Mita?

– Nilikuwa nasikia, alisema Tijani.

Alikuwa amesikia kwa miaka, kutoka nyuma ya gazeti. Mabruka alikuwa mfamasia, na kabla ya kufungua duka lake aliitembea pwani kila alfajiri, kutoka miambani hadi wadini, pamoja na wenzake wa kujitolea walioenea katika miji ya pwani, kila mmoja na kipande chake. Kazi yao ni kuhesabu. Nyayo za kasa, ndege waliokufa, chupa, kamba za nailoni, mitego ya plastiki ya pweza iliyokatika. Na katika matembezi ya kuhesabu hawaokoti kitu. Watoto walikuwa wakimfuata wakiimba, mhesabu takataka, mhesabu takataka, naye akiwahesabu na wao.

Beseni likawekwa katikati ya benchi, mahali pa Tijani. Yeye akasimama. Kahawa ikamiminwa.

– Haya, alisema Redio. Katoka wapi huyu?

– Kadondoka kwenye boti, alisema Shedli.

– Boti gani inapita mlangoni kwako?

– Basi kaletwa na paka.

– Paka amlete na asimle? Paka wa mtaa huu? Nyinyi hamsikilizi taarifa. Hawa Wataliano wanawatengeneza kwenye maabara. Kila mmoja ana waya tumboni. Wanawaachia huku kwetu, wanatuhesabu.

– Wakuhesabu wewe? alisema Admirali. Wakifika moja watapitiwa na usingizi.

– Cheka tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

– Huyu hayumo nguoni, yumo kwenye beseni la unga. Sikilizeni niwaambie, mimi nimekaa baharini.

– Jikoni.

– Jikoni, baharini. Kasa mkubwa kama meza alitufuata kutoka Bizerte mpaka Sfax. Mnajua kwa nini? Nilikuwa nakaanga vitunguu. Kasa anafuata pua, bwana. Mama yake huyu alipita huko mbali usiku mmoja, akanusa kahawa ya Shedli, akasema hapa hapa natua mzigo.

– Kahawa ya Shedli hata nzi haifuati.

– Kunywa maji basi, alisema Shedli.

– Tena ametaga wapi? alisema Redio. Mbona hatujaona? Wahenga walisema mficha uchi hazai.

– Na huyu kaficha, na kazaa. Wahenga wako hawakujua kasa.

– Mama yake alizaliwa hapa, alisema Tijani.

Walimgeukia kwa adabu zaidi kuliko kwa kuelewa.

– Nani kasema, Mita?

– Mabruka.

Jina hilo halikuwa limetajwa benchini tangu siku ya arobaini. Redio akaweka kikombe chini.

– Alisema kitoto kikitoka mchangani hukariri mahali. Si kwa macho. Dunia yenyewe ni sumaku, na kila pwani ina mvuto wake, umepishana kidogo tu na wa pwani ya jirani. Anaubeba huo mvuto kichwani. Anaondoka, anazunguka bahari yote hii, Libya, Ugiriki, Uturuki, miaka ishirini na zaidi. Siku yake ya kutaga ikifika, anarudi. Gizani. Hana ramani.

Redio akazungumza kwa upole ambao haukuwa kawaida yake.

– Mita, ndugu yangu. Mimi nimesema waya, sawa. Admirali kasema vitunguu, tumemvumilia. Lakini hii ya kwako imevuka mpaka na forodha. Unakaa sana peke yako.

– Sumaku kichwani! alisema Admirali. Sasa mbona hanasi kwenye meli? Meli ni chuma kitupu.

Tijani hakubishana. Maisha yake yote ya kazi alitembea na dira ndani ya mfuko wa ngozi, na miguu mitatu ya darubini, na mnyororo, na bado kosa la upana wa kiganja liliwahi kumfikisha mahakamani kati ya majirani wawili na mzeituni mmoja. Mabruka alipomweleza habari ya sumaku mara ya kwanza, alimjibu kuwa haiwezekani, akafunua ukurasa wa pili wa gazeti. Mabruka akacheka.

– Ni kweli anavyosema ami Tijani.

Aliyesema hivyo alikuwa Emna binti wa mwokaji, anayesoma mambo ya viumbe wa bahari huko Sfax. Mabruka ndiye aliyemwingiza katika kazi ya kutembea pwani tangu akiwa shule. Alikuwa ameshuka basi la kwanza, mkoba bado begani.

– Wataalamu hawajamaliza kujua inakuwaje, lakini ndivyo. Admirali, vitunguu havimo.

– Nimesema pua!

– Pua huenda imo. Kidogo.

Admirali akawatazama wote kama mtu aliyevishwa nishani.

Emna akafunua kitambaa, akachungulia. Alipoinua uso alikuwa akitabasamu na macho yamejaa.

– Basi wameanza kutoka. Huyu ni wa kwanza. Hawatoki wote kwa pamoja, wengine watafuata leo usiku, na kesho. Humo ndani wanaweza kufika mia.

– Mia? alisema Shedli. Humo wapi?

– Kwenye kiota cha mama Mabruka. Alikiona siku ile kabla ya kulazwa. Alinipigia simu amefurahi kama mtoto. Ndiyo maana nimekuja, nilijua wiki hii ni yao. Tumwachie huyu kwanza, jua halijawa kali. Na atembee mwenyewe. Akibebwa mpaka majini, ataijuaje pwani yake?

Walishuka. Tijani alibeba beseni kwa mikono miwili. Upepo wa usiku ulikuwa umeunyoosha mchanga wote, hapakuwa na wayo wa kasa wala wa mtu. Hatua kadhaa kabla ya maji, Emna akapiga magoti, akaulainisha mchanga kwa mkono wake toka kiwiko, maana kishimo cha kisigino kwa kiumbe kile ni bonde. Kisha Tijani akainamisha beseni.

Kitoto kilikaa. Kikainua kichwa. Hakuna aliyemwelekeza, na nyuma yake mkahawa ulikuwa na taa bado inawaka, lakini sasa mbele yake palikuwa na mwanga mkubwa zaidi, wa maji. Akaanza. Pezi hili, pezi lile, akiacha mstari mwembamba kama mshono. Wimbi la kwanza lilimgeuza chali na kumrudisha alikotoka. Shedli akaguna, akajizuia. Kitoto kikajipindua, kikaanza tena. La pili likamrudisha nusu. La tatu lilipojivuta halikumwacha.

Walitazama maji. Mara moja tu, mbali kuliko walivyotarajia, kichwa kidogo kama dengu kilitokeza, kikavuta hewa ya Borj Khalfa, kikazama.

Admirali alikuwa amepiga saluti. Hakuna aliyemcheka. Redio ilikuwa imezimika kabisa.

– Watapona wangapi? aliuliza Shedli baadaye.

– Wanasema katika elfu labda mmoja, alisema Emna.

– Na kama ni huyu?

– Kama ni huyu, atarudi hapa tuliposimama. Mimi nitakuwa na watoto wakubwa.

– Na sisi?

Emna akajishughulisha na kukung'uta magoti. Akageuka kuitazama pwani, kaskazini, kisha kusini, kisha kaskazini tena, na uso wake ukabadilika.

– Ami, galoni iko wapi?

– Galoni gani, binti yangu?

– Ya buluu. Na kreti la samaki lililovunjika, na boya la rangi ya chungwa. Mama Mabruka hakuwahi kuweka kibao. Alisema watu wakiona kibao wanafukua waone. Alikuwa anaweka takataka tatu, pembe tatu, kiota katikati. Aliniambia, nani atagusa takataka Borj Khalfa? Alikusudia akitoka hospitali aje apime vizuri.

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Pwani ilikuwa safi. Haikuwahi kuwa safi namna ile tangu wazaliwe. Walikuwa wameisafisha wenyewe, siku ya arobaini ya Mabruka. Walikuwa wamesoma hitima, wamekula kuskusi, na wakiwa bado wamekaa na mikono inanuka sabuni, Redio akasema maneno ambayo yaliwaliza: mwenzetu alihesabu taka zetu miaka yote hii, tumpe siku moja ambayo hakuna cha kuhesabu. Mtaa mzima ulishuka. Wanawake, watoto, imamu amekunja mikono ya kanzu. Waliokota kutoka miambani hadi wadini mpaka jua likazama, na lori la taka likaondoka limejaa. Tijani alilala usiku ule kwa mara ya kwanza.

Na sasa alikumbuka galoni. Aliiokota yeye mwenyewe. Alikumbuka uzito wake, kwa sababu ilikuwa imejaa mchanga mpaka shingoni, na alishangaa bahari inavyoweza kukijaza chombo vizuri hivyo bila kumwaga. Alifungua kizibo. Alimimina mchanga wote, taratibu, akiwa amesimama. Aliyeujaza aliujaza ili upepo usiipeperushe galoni.

– Niliichukua mimi, alisema.

– Wapi, ami? Ulikuwa umesimama wapi?

Katika kazi yake hakuwahi kuweka mguu mahali bila kujua ameuweka wapi. Siku ile hakuwa akitazama chini.

– Sikumbuki.

– Kreti nililibeba mimi, alisema Redio haraka. Karibu na ngazi. Nakumbuka ngazi.

– Ngazi wapi, tulikuwa tumepita ukuta wa kiwanda! Boya alilipata mwanangu pale pale, alisema Shedli.

– Boya alilipata mwanao wadini, akaja nalo kichwani, nani hakumwona?

– Hilo lilikuwa jeupe!

– Kwa hiyo maboya yalikuwa mawili?

– Yalikuwa hamsini, babu wee, hii ni bahari!

– Tumfuate huyu mtoto nyuma, alisema Admirali. Katoka mlangoni kwa Shedli, kanyooka. Piga mstari.

– Kanyooka wapi? Mtu aliyepotea hanyooki. Na upepo umefuta.

– Tulete paka basi. Paka ana pua.

– Paka wa mtaa huu?

– Haraka haraka haina baraka, tufikiri...

– Tufikiri nini, Redio? Trekta la manispaa linakuja leo! Kesho tamasha!

Wakakumbuka wote. Kila Agosti, kabla ya tamasha la kiangazi, manispaa hupitisha trekta lenye chekeche la meno ya chuma. Meno huingia mchangani mkono mzima, yakaleta juu vizibo na vijiti na vipande vya chupa, na mchanga ukabaki laini kwa familia za mjini kutandika mikeka.

Redio alikuwa ameshatoa simu. Ililia, ikakatika. Ililia tena. Manispaa hawapokei siku za maandalizi.

– Tutoke mchangani, alisema Emna kwa sauti ndogo. Huenda tumesimama juu yao.

Wazee hao walikuwa wamecheza mpira pale, wamekwangua samaki pale, wamewaoa wake zao kwa kuwaona wakipita pale. Sasa waliinua miguu kama watu walioingia chumba chenye mtoto aliyelala. Walirudi juu mmoja nyuma ya mwingine, wakikanyaga nyayo zao wenyewe, zile zile walizoshukia. Tijani alikuwa wa mwisho, na kila aliposhusha mguu alihisi joto la mchanga likipenya soli. Alijiambia ni jua tu.

Walipofika kwenye benchi walisikia injini.

Trekta lilishuka kwa barabara ya msikiti, jekundu, chekeche limeinuliwa nyuma yake kama mkia wa nge. Dereva alikuwa mtu wa kijiji cha mashamba, Jilani, kofia ya majani, sigara imezimika mdomoni. Alipofika juu ya mteremko wa kushukia pwani akamkuta Redio katikati ya njia, mikono imetandazwa.

– Simama! Kuna watoto!

– Watoto wa nani?

– Wa kasa! Mia!

– Wa marehemu! alisema Shedli.

– Wana sumaku kichwani, alisema Admirali, na alisema kwa dhati.

Jilani aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama Emna, aliyeonekana kuwa na nafuu ya akili. Emna akamweleza kwa mpangilio: kiota, watoto wako njiani kutoka, siku mbili tatu tu zitatosha, meno ya chekeche yatawakata. Jilani alisikiliza akiwa ameegemea usukani. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama saa.

– Adhuhuri wanasimamisha jukwaa hapo. Nikirudi sijachekecha, nitaulizwa mimi, hataulizwa kasa. Lakini sina ugomvi naye. Mtanionyesha, nitapazunguka. Hata mkitaka nafasi ya uwanja wa mpira, chukueni. Nionyesheni tu, wazee wangu. Ni wapi nisipite?

Swali lilikuwa jepesi. Admirali aliangalia viatu vyake. Shedli alikuwa na birika mkononi na hakujua kwa nini. Emna akamgeukia Tijani, na kwa kuwa yeye amemgeukia, wote wakamgeukia.

Tijani akainua mkono. Watu walikuwa wamemuuliza swali hilo kila siku ya kazi yake, mpaka unapita wapi, ukuta usipite wapi, na mkono wake ulikuwa ukienda moja kwa moja na kusimama, na pale uliposimama palipigwa vigingi. Sasa uliondokea miambani. Ulipita ngazi, polepole, akiungoja uwe mzito. Ulipita ukuta wa kiwanda, vibanda vya kiangazi, mashua zilizofunikwa maturubai. Ulifika mdomo wa wadi. Haukuwa umesimama popote.

Jilani alikuwa ameufuata kwa macho mwendo wote huo.

– Kote? aliuliza.

Tangu Juni Tijani alikuwa akiitazama pwani hii kila asubuhi, akiiona tupu. Mahali fulani chini ya ule usafi, gizani, wale waliobaki walikuwa wakipandiana migongo kuelekea juu, taratibu, na kila mmoja wao alikuwa tayari anajua, bila kukosea upana wa kiganja, yuko wapi.

– Kote, alisema.

Jilani akalitazama eneo lile, kutoka mwamba hadi wadi, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa kuliko alichokuja nacho. Akazima injini pale pale juu ya mteremko, trekta limeziba njia yote. Akatia ufunguo mfukoni. Kisha akatafuta pa kushukia, akaukunja mguu uliokuwa upande wa mchanga, akauvusha juu ya kiti, akashuka upande wa saruji.